Kwateti ya piano ndani ya nyumba ya Lamu: hewa, chumba na uzi mnene wa selo

Anayesikia "kwateti ya piano" kwa mara ya kwanza hudhani ni piano nne. Ni piano moja, na pamoja nayo fidla, viola na selo: watu wanne, hakuna wa kuwapungia kijiti, kila mmoja anamtazama mwenzake. Watunzi wa Ulaya Schumann, Brahms, Fauré na Dvořák waliziandika kwa vyumba na kumbi ndogo, pahali ambapo aliyekaa mbele anamsikia mpiga fidla akivuta pumzi kabla ya kuanza. Ndiyo maana naamini nyumba ya mawe ya Lamu inaufaa muziki huu kuliko ukumbi wa hoteli wenye zulia na kiyoyozi. Ila nyumba ina masharti yake, na hewa yetu ina masharti makali zaidi. Naandika haya kwa anayetaka kuandaa usiku mmoja wa kwateti hizi hapa kwetu, za enzi ile ya Romantiki, karne ya kumi na tisa, na asiharibikiwe.

Tuanze na tarehe. Masika achana nayo, hasa Mei. Kuanzia Januari hadi Machi mvua ni kidogo, lakini kaskazi ya Januari huingia kiwandani, yaani ule uwanja wazi ulio ndani ya nyumba, kutoka juu na kupeperusha karatasi za nota. Mimi huona mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi ndio wakati mzuri, kaskazi ikishaanza kulegea. Kisha tazama kalenda ya Kiislamu kabla hujampigia mtu simu. Ramadhani haifai, na Mfungo Sita mji mzima uko kwenye Maulidi: hupati chumba, hamali wala boti. Saa ya kuanza iwe saa mbili na robo usiku, Isha imekwisha na watu wametoka msikitini. Nenda siku kadhaa mapema ukawaone wazee wa msikiti wa karibu, uwaulize kama kuna darsa baada ya Isha usiku huo. Likiwepo, sogeza tarehe yako wewe.

Sasa piano. Ya kulala, ile yenye miguu mitatu, ikiwa na urefu wa mita 1.6 ina uzito wa karibu kilo 300. Ya kusimama huwa kati ya kilo 200 na 250. Lori litaifikisha Mokowe. Hapo ndipo kazi inapoanza. Panga kuvuka maji yakiwa yamejaa, na ikiwezekana chagua siku za maji mafu. Maji yakijaa, ukingo wa boti unakaribiana na gati na piano inasukumwa juu ya mbao mbili. Wakati wa bamvua maji yakipwa boti inashuka chini sana, na hakuna hamali anayepaswa kuombwa apandishe kilo 300 kwenye ngazi zenye utelezi wa mwani. Ndani ya boti tandika magodoro mawili, funika kwa turubai, na funga kamba pande nne. Kamba mbili hazitoshi, kwani wimbi la boti nyingine likipita ubavuni mzigo mrefu hujipinda.

Namna ya kuivua miguu ina utaratibu, na anayeukosea huvunja mguu. Toa kifuniko kikubwa, kisha toa ule mti wa pedali chini. Baada ya hapo toa mguu wa mbele wa kushoto, upande wa sauti nene, watu wawili wakiwa wamebeba kona ile. Ishusheni taratibu mpaka ubavu mrefu ulionyooka ulale juu ya ubao uliofungwa blanketi, ndipo mtoe miguu miwili iliyobaki. Ikiwa imesimama hivyo, ina kimo cha mita moja na nusu hivi na unene wa sentimita 40 tu, kwa hiyo uchochoro hauishindi. Kinachoishinda ni kona. Nyumba zetu zimejengwa ili mpita njia asione ndani: unapanda daka, yaani baraza ya mlangoni, unapita mlango, unaingia tekani, kile kijiukumbi cha ndani ya mlango, halafu unageuka. Kitu cha mita 1.6 lazima kipate nafasi ya kugeukia hapo tekani. Pima kwa futi kamba, pima na ubao wake, wala usikubali neno la "itapita tu". Ghorofani usiote kuipandisha. Ngazi za nyumba za zamani ni nyembamba, za wima, na zina pindo. Tafuta nyumba yenye kiwanda chini.

Piano ikishafika, iache. Watu wengi hukosea hapa kwa haraka: leo imeshuka, kesho fundi anatuni, keshokutwa watu wanaalikwa. Ubao wa sauti ulio chini ya nyuzi ni mbao nyembamba ya msprusi, na ukitoka Nairobi kwenye hewa kavu ukaja pwani hunyonya unyevu na kuvimba. Ukivimba unainuka katikati, unazisukuma nyuzi, na sauti inapanda. Haipandi sawasawa: oktava za katikati hupanda zaidi, sauti nene na nyembamba hupanda kidogo, kwa hiyo piano inajigomba yenyewe kwa yenyewe. Ipe angalau siku saba kabla ya kuguswa. Mara ya kwanza fundi atuni siku ya saba, mara ya pili siku ya kumi na mbili, na ya mwisho alasiri ya siku yenyewe, milango na madirisha yakiwa wazi kama yatakavyokuwa usiku. Kuna nyuzi zipatazo 230 humo ndani, na kwa pamoja zinavuta fremu ya chuma kwa nguvu ya karibu tani 18. Uzito huo hautulii kwa siku moja.

Kuna ushauri mmoja ambao mafundi hawaupendi. A ya kati, noti wanayotunia wote, inatakiwa iwe Hz 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Ikiwa piano imejipandia mpaka 442 na imetulia hapo, iacheni hapo, tuni sehemu nyingine zifuatane nayo. Kuilazimisha irudi 440 ni kulegeza nyuzi zote, na nyuzi zilizolegezwa jana hucheza usiku wa leo. Fidla, viola na selo zinapanda hadi 442 bila taabu. Piano ndiyo isiyoweza kuwafuata wenzake katikati ya kipande, basi wenzake waifuate yeye.

Vibonyezo vitanata. Kila kibonyezo kimepita kwenye pini mbili zilizozungukwa na kipande cha sufu iliyoshindiliwa, na sufu hiyo pia inavimba. Bonyeza kila kimoja polepole, vyote 88, uachie, utazame kama kinarudi chenyewe. Kisichorudi kitolewe, sufu yake ibanwe kidogo kwa koleo maalumu la fundi, kirudishwe. Usimimine mafuta ya aina yoyote, wala ile ya kupuliza ya mkebe. Mafuta yanalainisha kwa siku mbili, kisha yanashika vumbi na chumvi, na kibonyezo kinaganda kabisa. Kwa unyevu wa usiku, balbu ya zamani ya wati 25 ikiwekwa ndani ya sehemu ya chini ya piano ya kusimama, mbali na mbao na kitambaa, husaidia kweli kwa sababu ya joto lake. Iwe ile balbu ya waya. LED haina joto la kukausha kitu.

Wapigaji wa nyuzi nao waambiwe mapema. Selo iliyotoka nyanda za juu ikifika Lamu, kifua chake kinavimba na daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, linapanda nalo. Nyuzi zinakaa juu mno na vidole vinachoka kabla ya mapumziko. Mwenye uzoefu hubeba daraja la pili lenye kimo cha chini kidogo. Singa za upinde hurefuka kwa unyevu, kwa hiyo upinde uliokazwa vizuri saa kumi na moja utakuwa umelegea saa mbili. Na ukisikia mlio wa kutetemeka kama nzi kwenye gazeti, gonga taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka ukingo wa selo: pahali penye sauti ya kupasuka ndipo gundi ilipoachia. Gundi ile ya wanyama hufanywa dhaifu makusudi, iachie yenyewe kabla mbao haijapasuka. Kwa hiyo asije mtu mwema akaitia gundi ya dukani. Itapona kwa fundi, na kwa usiku huo itashikwa na kibano chenye kitambaa.

Chumba ndicho kinachonivutia kuliko yote haya. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu moja: dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Upana unaishia mita 2.8 hadi 3 hivi. Kuta ni matumbawe mazito yaliyopigwa chokaa, ngumu, zinarudisha sauti. Sasa chukua chumba cha upana wa mita 3, usiku wa sentigredi 28. Sauti husafiri mita 348 kwa sekunde. Wimbi linaloingia sawasawa kati ya kuta mbili ni lile lenye urefu mara mbili ya upana, mita 6, yaani Hz 58. Uzi mnene wa selo, C, ni Hz 65. Ukishushwa hatua moja nzima ukawa B-flati, unakuwa Hz 58.3. Chumba chetu kinavuma pale pale. Shikilia hesabu hii, nitairudia kwa Schumann.

Wapo wanaotaka kuwaweka wapigaji ndani kabisa, kwenye chumba chenye zidaka, kwa sababu ni kizuri kwa macho. Zidaka zinasaidia kweli: vile vishimo vingi vya chokaa vinatawanya sauti nyembamba, na fidla haichomi. Lakini havigusi sauti nene, ambayo mawimbi yake ni marefu kuliko kidaka chochote, na piano ndani ya mita 3 itageuka ngurumo. Weka piano kwenye msana wa chini, ule ukumbi ambao upande mmoja uko wazi kuelekea kiwandani. Upande ulio wazi unaiacha sauti nene itoke, na dari ya boriti iliyo juu inarudisha kiasi cha kutosha. Tandika jamvi mbili nene chini ya piano, kwa kuwa nusu ya sauti yake inatoka tumboni na kupiga sakafu ya chokaa. Kifuniko kiwe kwenye kijiti kifupi.

Wa nyuzi wakae mbele ya piano, pale paa linapoishia, wasivuke zaidi, kwa sababu ya umande na kwa sababu nje hakuna kinachorudisha sauti yao. Kutoka kushoto: fidla, viola, selo kwenye pindo la piano. Viola isiwekwe mwisho kulia, sauti yake itaelekea ukutani. Kila mmoja anahitaji mita 1.2 za kuvutia upinde. Selo ikae kiasi cha mita moja kutoka ukuta wa pembeni. Ukutani kabisa itavuma kupita kiasi. Katikati kabisa ya mita 3 ile Hz 58 hufifia, na selo inasikika kama ina njaa. Chini ya mwiba wake weka ubao wenye kitundu. Mwiba wa chuma kwenye sakafu ya chokaa ya zamani huteleza, na ukiacha kuteleza unaitoboa, na hiyo sakafu si yako.

Mazoezi ya mchana chumba kikiwa kitupu yatawadanganya. Watu 60 wakikaa, wengine mikekani, wengine kwenye viti nyuma, kanzu na mabuibui hunyonya sauti na mwangwi hupungua sana. Mpiga piano atumie pedali ya kulia kidogo kuliko alivyozoea wakati wa mazoezi, na usiku aongeze kwa kusikiliza. Kina mama wakipenda kukaa juu, kwenye ukumbi unaozunguka kiwanda, wasihurumiwe. Huko juu ndiko sauti inakokwenda, na ndiko viola inakosikika wazi kuliko chini. Feni zizimwe kila sehemu inapoanza. Nota zibanwe kwa vibanio vya nguo, viwili kwa kila kurasa.

Vipande gani? Ningechagua Schumann, E-flati meja, opasi (namba ya kazi) 47, halafu mapumziko, halafu Brahms, G maina, opasi 25. Schumann ana dakika 27 au 28, Brahms 40. Ukiweka dakika 20 za kahawa tungu na haluwa katikati, saa nne kasorobo watu wako njiani kwenda kwao. Ile ya pili ya Brahms, A meja, ni nzuri mno lakini inakaribia dakika 50, na kwa joto letu vidole vinaanza kuteleza. Fauré, C maina, opasi 15, inafaa pia badala ya Brahms kwa kundi lisilo na mpiga piano mwenye nguvu. Sehemu yake ya mwisho aliiandika upya mwaka 1883, na ndiyo inayopigwa. Sehemu moja ya Mahler, A maina, ya mwaka 1876 alipokuwa bado kijana mwanafunzi, inachukua dakika kumi na mbili hivi ikihitajika ya kufungulia.

Schumann aliandika yake mwaka 1842, mwaka aliojitia kabisa kwenye muziki wa namna hii. Sehemu ya tatu, ya polepole, inaanza na selo ikiimba, na wimbo huo baadaye unapita kwa viola huku fidla ikiupamba. Watu huukumbuka wimbo. Mimi nawaomba wausikilize mwisho wake. Wenzake wakiwa wanaendelea kupiga, mpiga selo anashika kigingi cha uzi mnene na kuushusha kutoka C hadi B-flati, chini ya pale selo inapoishia kwa kawaida. Kisha anaishikilia noti hiyo moja, ndefu, chini ya wote, na juu yake vinapita vipande vidogo vya noti tatu ambavyo dakika moja baadaye vitalipuka kuwa mwanzo wa sehemu ya nne.

Hiyo ndiyo B-flati ya Hz 58.3. Katika kumbi nyingi watu wa nyuma hawaisikii, wanaona tu upinde unakwenda. Msanani Lamu, selo ikiwa mita moja kutoka ukutani, inasikika kwenye mkeka uliokalia.

Ila kigingi ni mti ndani ya tundu la mti, na vyote viwili vimevimba. Kikikwama, mpigaji anakaza mkono, kinaruka, na uzi unashuka hadi A au chini zaidi mbele ya watu. Vile viskrubu vidogo vya chini havitoshi kwa hatua nzima. Dawa ni kukitoa kigingi siku tatu kabla, kukifuta, kukipaka sabuni kavu ya kipande kisha chaki juu yake: sabuni iteleze, chaki ishike. Halafu kushusha na kupandisha mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, mpaka mkono ujue. Anayeshusha apitilize kidogo chini ya B-flati kisha apande mpaka ifike. Uzi uliofikiwa kwa kupanda hukaa, uliofikiwa kwa kushuka huendelea kuteremka. Sehemu ikiisha, wenzake wampe sekunde kumi na tano arudi C. Wasikimbilie sehemu ya nne kwa hofu ya watu kupiga makofi. Wakipiga makofi hapo, vizuri, yatafunika sauti ya kutuni.

Brahms ana tatizo jingine. Kwateti hii ilipigwa kwa mara ya kwanza Hamburg, Novemba 1861, Clara Schumann, mjane wa Schumann, akiwa kwenye piano. Piano za wakati ule zilikuwa nyepesi. Ile ya Graf, fundi piano wa Vienna, ambayo Clara alipewa alipoolewa mwaka 1840, na ambayo baadaye ilifika kwa Brahms mwenyewe, haikuwa na fremu nzito ya chuma kama hizi za leo. Mtunzi Schoenberg alipoiandika upya kwateti hii kwa okestra mwaka 1937, sababu mojawapo aliyotoa ni kwamba kadiri mpiga piano anavyokuwa hodari ndivyo anavyopiga kwa nguvu na nyuzi zisisikike. Katika chumba cha matumbawe neno hilo ni kweli maradufu. Mkono wa kushoto wa piano ndio wa kupunguza, hasa sehemu ya kwanza, pale unaporudia sauti nene ambazo selo nayo inazo. Sehemu ya pili fidla inavaa kizima sauti, na hapo piano ipigwe kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Sehemu ya mwisho, ile ya mtindo wa Kijipsi, kwa namna yao ya kuisikia huko Ulaya ya kati, inakimbia kwa vifungu vya bar tatu tatu, yaani vipimo vya mapigo. Sikio linangoja ya nne, haiji, na ndiyo inayowafanya watu wainuke mgongo. Hapa jasho limeshashuka mikononi. Kitambaa cha pamba kiwe juu ya piano na kingine kwenye kila stendi, na kijana mmoja aliyefundishwa mapema ageuze kurasa za piano, maana kurasa zenye unyevu hushikana mbili mbili.

Makofi yakiisha, kazi bado ipo kwa nusu saa. Pinde zilegezwe, vumbi la rosini, ule utomvu mkavu unaopakwa singa za upinde, lifutwe kwenye nyuzi na kifuani kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa likiachwa usiku mmoja kwa hewa hii linageuka ulimbo. Selo irudi kwenye kasha lake na vipakiti vya kukausha unyevu, si kuegemezwa kwenye ukuta wa matumbawe ambao unapumua unyevu mpaka asubuhi. Vikombe vya kahawa viondolewe karibu na piano kabla ya kitu kingine chochote, mikono ya haluwa isiguse nyuzi, kifuniko kifungwe, blanketi liwe juu, turubai juu ya blanketi. Na mpigie nahodha simu usiku huohuo umuulize maji yatajaa saa ngapi kesho.